Safari Isiyo na Kituo

Wahenga wetu, ambao tumezoea kuwataja kana kwamba walikubaliana katika kila jambo, wametuachia methali mbili zinazogombana. Ya kwanza yasema mtembezi hula miguu yake. Ya pili yasema mtembea bure si sawa na mkaa bure. Ya kwanza yamwonya kijana kwamba kwenda huku na huko pasipo haja ni kujimaliza mwenyewe. Ya pili yamwambia kwamba hata asiyekuwa na haja, madhali ameinuka na kwenda, huenda akaokota kitu ambacho aliyebaki kitini hatakiona kamwe. Ndugu msomaji, kati ya hizi mbili, ipi ya kufuata?

Kwa mtazamo wa juujuu hili laonekana kuwa jambo la mazungumzo ya barazani tu. Sivyo. Ndani yake limo swali zito la maadili: je, mtu anayekwenda bila kuwa na mahali anapokwenda anatenda jambo baya? Kwa ajili ya swali hilo watu wametiwa mahabusu, sheria zimetungwa katika mabara mbalimbali, na majaji wamekaa kulitolea uamuzi. Nami naliuliza nikiwa mtoto wa Bombambili, Songea, kwa sababu huko ndiko nilikoliona kwanza, kabla sijajua kwamba ni swali.

Kwa wasiopajua, Songea ni makao makuu ya Mkoa wa Ruvuma, mji uliochukua jina la Nduna Songea Mbano, ambaye Wajerumani walimnyonga mwaka 1906 wakati wa Vita vya Majimaji. Bombambili ni sehemu mojawapo ya mji huo, penye nyumba za watu wa kawaida: walimu, mafundi, makarani, wachuuzi, na wakulima ambao mashamba yao yako nje ya mji. Kwa miaka mingi tulikuwa mbali na kila kitu. Msimu wa mvua ulipoanza, lori lililotoka Makambako liliweza kulala njiani siku kadhaa, na chumvi ikaadimika madukani. Katikati ya miaka ya 1980 ilikamilika barabara ya lami ya takriban kilomita 300, kutoka Makambako kupitia Njombe hadi kwetu, iliyojengwa kwa msaada wa Uingereza. Wazee waliisifu kwa habari ya mahindi na mbolea, na walikuwa na haki, kwani Ruvuma ilihesabiwa miongoni mwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Lakini sisi vijana tuliitazama lami ile kwa jicho jingine. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na mahali palaini, papana, pasipo vumbi, pa kwenda na kurudi.

Magari yalikuwa machache, na hayo machache aghalabu hayakuwa ya mtu. Yalikuwa na namba za ST, yaani ya serikali, au za SU, yaani ya mashirika ya umma. Zaidi ya hayo yalikuwapo ya misheni na malori ya wafanyabiashara. Nchi nzima ilikuwa ikibana mafuta. Tangu bei ya mafuta ilipopanda ghafla duniani mwishoni mwa 1973, Watanzania walizoea amri iliyokataza magari ya binafsi kuonekana barabarani siku ya Jumapili kuanzia saa nane mchana bila kibali. Ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na katika mwaka huohuo wa 1979 mafuta yakapanda tena. Bajeti ya 1984 ilipolegeza masharti na kuwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, pikapu za binafsi zilianza kuonekana moja moja. Basi mjue kwamba nikizungumzia gari katika Songea ya wakati ule, nazungumzia kitu ambacho mtoto aliweza kukitambua kwa mlio wake kabla hakijatokeza kona.

Ilipofika Jumamosi jioni, jua likishaanza kushukia, vijana walioga, wakajipaka mafuta, wakavaa suruali zilizonyoshwa kwa pasi ya mkaa, wakatoka kwenda barabarani. Tuliita kupiga raundi. Wenye miguu tu walikwenda kwa miguu. Wenye sarafu walikodi baiskeli kwa nusu saa, Phoenix au Swala, wakapita polepole kuliko waliokwenda kwa miguu, maana ukienda mbio nusu saa haina maana. Tulishuka kutoka Bombambili kuelekea mjini, tukafika karibu na soko, tukageuza, tukarudi. Kisha tukaanza tena. Hatukuwa tumetumwa, hatukuwa na cha kununua, hatukuwa tukimtafuta mtu.

Palikuwa na mzee mmoja, fundi cherehani, aliyekaa barazani kwake kando ya njia yetu. Raundi ya kwanza tulimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa furaha. Raundi ya pili tulisema, "Mzee, tumerudi," naye akatikisa kichwa. Raundi ya tatu aliweka chini kitambaa chake na kuuliza, "Wajukuu zangu, mnakwenda wapi?" Tukajibu, "Hatuendi mahali, babu. Tupo tu." Jibu hilo lilimkera kweli. Kwake yeye mtu aliye barabarani ametumwa au anatoroka. Hakuna wa tatu. Nadhani katika swali lake na jibu letu mashitaka yote dhidi ya kutembea bure yamekwisha kutajwa, na utetezi wake pia.

Tuyachukue mashitaka hayo moja baada ya jingine.

Shitaka la kwanza ni la upotevu. Katika kundi la vijana wa rika letu alikuwapo mmoja tu aliyepiga raundi kwa gari. Baba yake alikuwa na cheo katika shirika moja la umma, ambalo sina haja ya kulitaja, na shirika lilikuwa na pikapu. Jumamosi kijana alimbembeleza dereva, akapewa ufunguo. Alipita na kiwiko nje ya dirisha, kaseti ya Franco ikiimba, wenzake watatu nyuma wakiwa wamesimama wameshika chuma. Alipotufikia sisi wa baiskeli alipiga honi mara mbili. Siku hizo sikuwa na nafasi katika pikapu hiyo, kwa hiyo msomaji anaweza kuniambia kwamba ninayoyasema yanafanana na ya sungura aliyezikosa ndizi akasema sizitaki mbichi hizi. Sawa. Wivu unaweza kumfanya mtu aseme jambo, lakini hauwezi kulifanya jambo lenyewe liwe la kweli au la uongo. Tuipime hoja yenyewe.

Jumamosi moja ya mwaka 1986 mke wa jirani yetu alishikwa na uchungu usiku. Pikapu ilikuwa imepita mbele ya nyumba yao jioni ileile mara nne. Nilihesabu, maana tulihesabu kila kitu. Walipotumwa watu kwenda kuiomba, walirudi na jibu moja: mafuta yamekwisha, mengine ni mpaka kibali kitoke Jumatatu. Tukaazima baiskeli. Mama yule alikaa kwenye keria amefungwa kwa khanga asianguke, mumewe akashika usukani, mimi na kijana mwingine tukasukuma na kuegemeza huku na huku, mpaka hospitali. Alijifungua salama. Lakini usalama wake haukuletwa na pikapu, kwa hiyo hauwezi kuhesabiwa kuwa msamaha kwa pikapu.

Wengi wangemaliza hapo: raundi nne zilikula petroli iliyotakiwa kumwokoa mtu, basi kupiga raundi ni uovu. Mimi nasema tusikimbilie. Hebu tuulize: kama kijana yule angebaki nyumbani jioni ile, pikapu ingembeba mama yule? Ninavyoyajua magari ya mashirika ya siku zile, lingelala nyuma ya geti likiwa na petroli yake tumboni, na mlinzi angesema hana ruhusa. Mahindi na tumbaku ya wakulima ndiyo yaliyolipia petroli ile, lakini mkulima hakuulizwa ilipotumika kwa starehe, na asingeulizwa ilipofungiwa getini. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kupangisha nyumba na kuwa na hisa katika kampuni. Lilikuwa neno kubwa na la haki. Hata hivyo halikuweza kumfuata kila mwenye ufunguo mpaka Jumamosi jioni.

Kwa hiyo kosa la pikapu halikuwa kwamba ilikwenda bila kituo. Ingekuwa na kituo, kwa mfano ingempeleka kijana huyo kwenye harusi ya binamu yake huko Mbinga, ingekula petroli nyingi zaidi na kosa lingekuwa lilelile. Starehe ina haki ya kuwapo duniani. Kinachotakiwa kuulizwa ni hiki: nani anailipia, na je, aliulizwa? Sisi wa baiskeli tuliilipia nusu saa yetu kwa sarafu za vibarua vya kubeba tofali. Aliyetembea alilipa kwa soli za viatu vyake, kama methali ilivyosema: alikula miguu yake. Miguu ni yake. Ya pikapu ilikuwa miguu ya watu wengine.

Shitaka la pili ni la uvivu, na hili ndilo lililopata meno ya sheria. Mwaka 1983 nchi yetu ilitunga Sheria ya Nguvukazi, iliyotaka kila mtu mwenye uwezo afanye kazi, na watu walioitwa wazururaji wakakamatwa mijini na kupelekwa vijijini. Lakini chimbuko la mawazo hayo ni la zamani zaidi. Uingereza ilikuwa na sheria ya uzururaji ya mwaka 1824, iliyotungwa wakati ambapo askari waliorudi vitani na maskini wasio na makazi walikuwa wengi barabarani. Mawazo ya sheria hiyo yalivuka bahari na kuingia katika Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika ya mwaka 1930, yakabaki humo baada ya Uhuru. Kwa maneno mepesi, yalimpa askari uwezo wa kumkamata mtu asiyeweza kueleza vizuri kwa nini yuko pale alipo.

Jioni moja watu wawili wenye mamlaka walimsimamisha mwenzetu aliyekuwa akitembea kwa miguu. Walimwuliza swali lilelile la fundi cherehani: unakwenda wapi? Naye, kwa mazoea, akajibu: nipo tu. Alilala ndani siku mbili. Wakati anaondolewa pale barabarani, pikapu ilipita ikiwa katika raundi yake ya tatu, kaseti ikiimba, na mmoja wa wale wawili akaipungia mkono. Hakuna aliyemwuliza dereva anakwenda wapi. Chombo chenyewe kilikuwa jibu. Ndipo nilipoanza kuelewa kwamba tendo moja linaweza kuwa na majina mawili kulingana na mtendaji: mwenye gari anatembea, asiye na gari anazurura. Mwenye nacho anapunga upepo, asiye nacho anaranda. Sheria inayobadilika kulingana na urefu wa mfuko haimpimi mtu kwa alilolitenda. Inampima kwa alilo nalo.

Sikuwa peke yangu katika kuliona hilo, na wanasheria wamelisema vizuri kuliko mimi. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, katika nchi ya Malawi, mchuuzi mmoja aitwaye Mayeso Gwanda alikamatwa mwaka 2015 kabla ya mapambazuko, akiwa njiani kwenda kuuza mifuko ya plastiki. Alishitakiwa kwa kifungu cha uzururaji kilichotokana na sheria zilezile za Waingereza. Mwezi Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilitamka kwamba kifungu hicho kilikuwa kinyume cha katiba. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ikatoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo zinakwenda kinyume na mkataba wa haki za Waafrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya kitendo chake, na wanaoumizwa nazo ni maskini. Yaani miaka 34 baada ya jioni niliyoitaja, jibu la mwenzetu, "nipo tu", lilipata wakili.

Lakini msomaji asidhani kwamba mkono wa sheria ndio pekee uliowauliza watu sababu. Upo mkono mwingine, laini zaidi na usiochoka, nao ni wa desturi. Dada yangu alinizidi mwaka mmoja. Yeye pia alipenda barabara Jumamosi jioni, lami ikiwa bado na joto, watu wakisalimiana. Lakini msichana hakuweza kusema "nipo tu". Angesema hivyo, jina lake lingerudi nyumbani kabla yake. Basi alichukua ndoo. Hata siku ambayo pipa la nyumbani lilikuwa limejaa, alichukua ndoo tupu akatoka, akazunguka njia ya mbali inayopita barabarani, akarudi na maji nusu. Ndoo ile ilikuwa kibali chake. Kila aliyemwona aliona ndoo, akaridhika. Mama alijua, kwa maana mama ndiye aliyejaza pipa. Hakusema neno. Nadhani naye katika ujana wake alikuwa na mtungi.

Tangu nilipolielewa jambo la ndoo, swali langu limebadilika. Zamani niliuliza kama kutembea bure ni vibaya. Sasa nauliza: ni nani katika mji wetu anayelazimika kuwa na sababu ili aonekane, na ni nani asiyelazimika? Kijana wa pikapu hakuhitaji sababu. Sisi wa miguu tulihitaji mbele ya askari. Dada alihitaji mbele ya kila mtu. Ukitaka kuupima uhuru wa watu wa mahali fulani, usianze kwa kuhesabu magari. Tazama ni nani anayeweza kupita njia moja mara tatu bila kubeba kitu mkononi.

Utauliza, hata hivyo, faida ya mwendo huo ni nini. Kukosa kosa si sawa na kuwa na wema. Nitajibu kwa mifano kutoka mbali na karibu.

Huko Marekani, ambako magari yalikuwa mengi kama baiskeli kwetu, vijana wa miji midogo na mikubwa walikuwa na desturi hii hasa: kuendesha magari polepole katika barabara kuu, kwenda na kurudi, madirisha wazi, redio juu. Filamu ya George Lucas iitwayo American Graffiti, ya mwaka 1973, inahusu usiku mmoja wa namna hiyo mwaka 1962 katika mji wa Modesto, California, alikozaliwa mwenyewe. Miji mingi ya huko baadaye ilipiga marufuku desturi hiyo, na marufuku yenyewe yalinichekesha niliposoma habari zake, kwa maana kosa lililotajwa lilikuwa ni kupita mahali pamoja mara kwa mara. Fundi cherehani wetu angeitia sahihi sheria hiyo. Vijana wenye asili ya Mexico, ambao hujivunia magari ya zamani yaliyoshushwa karibu na ardhi, walilalamika kwamba marufuku yaliwaangukia wao kuliko wengine. Mwaka 2023 jimbo la California lilipitisha sheria ya kuziondolea halmashauri uwezo wa kukataza, nayo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2024. Na huku kwetu, nenda Mombasa Jumapili jioni, katika barabara ya Mama Ngina inayoitazama bahari: watu wa kila kabila na dini, wenye magari na wenye miguu, wanakula mihogo na kunywa madafu, wanapita, wanageuza, wanapita tena. Nenda Forodhani, Unguja, utaona vivyo hivyo.

Watu wa mbali hivyo hawakuigana. Wamefanya hivyo kwa sababu binadamu ana haja ambayo haimo katika orodha ya chakula, mavazi na malazi: haja ya kuonwa na watu wake. Kijana wa miaka kumi na sita haijui sura yake mwenyewe. Jana alikuwa mtoto wa fulani. Kesho atakuwa mtu. Katikati hapo anahitaji kupita mbele ya macho ya mji, si mara moja, maana mara moja yaweza kuwa bahati, bali mara tatu, nne, mpaka mji umzoee na yeye auzoee. Mzee anamwona na kusema, "Huyu si wa marehemu fulani? Amekua." Katika zile raundi nilijifunza nani mgonjwa, nani amefiwa, nani amerudi safari, duka lipi limefungwa na kwa nini. Hakuna aliyenifundisha. Niliokota njiani, sawasawa na ilivyosema methali ya pili. Na usiku ule wa mama mjamzito, watu walijua mara moja ni nani mwenye baiskeli imara na ni nani wana nguvu za kusukuma. Walijuaje? Walikuwa wametuona tukipita.

Siku hizi Bombambili ina bodaboda na bajaji, na lami imefika Mbinga na Tunduru. Vijana bado wanapiga raundi Jumamosi, kwa pikipiki, na wengine kwa mwendo unaotisha. Hapo nakiri shitaka la tatu, nalo halina utetezi: mwenye kutembea kwa starehe yake hana haki ya kuhatarisha mwili wa mwenzake. Baiskeli zetu ziliweza kumchubua mtu goti. Pikipiki yaweza kumwondoa duniani. Mwendo wa kwenda mahali waweza kuwa na haraka, kwa sababu kituo kinangoja. Mwendo usio na kituo hauna cha kuuharakisha, na ukiharakishwa umekwisha kugeuka kuwa kitu kingine: umekuwa mashindano, na mashindano ni lazima yawe na mshindwa.

Wengine wamebaki nyumbani, wanazurura kwa kidole juu ya kioo cha simu. Sisemi hili kwa kuwadharau, kwa maana nami ninayo simu. Lakini naona tofauti. Aliye barabarani hawezi kumwona mtu bila mwenyewe kuonwa. Akimtazama mzee, ni lazima ampe shikamoo, na mzee ana haki ya kumwuliza anakwenda wapi. Kwenye kioo mtu huona watu elfu na hakuna hata mmoja anayemwuliza swali hilo. Inaonekana ni uhuru. Mimi nadhani ni upweke uliovaa nguo ya uhuru. Swali la mzee lilitukera, lakini lilikuwa na maana kwamba yuko mtu anayetuhesabu.

Basi turudi kwenye methali zetu. Naona hazigombani kama nilivyosema mwanzoni. Kila moja inamsemea mtu wake. Mtembezi hula miguu yake: hii ni kwa mtembezi mwenyewe, imkumbushe kwamba safari isiyo na kituo ina gharama, naye ailipe mwenyewe, kwa miguu yake, si kwa petroli ya mkulima wala kwa mifupa ya mpita njia. Mtembea bure si sawa na mkaa bure: hii ni kwa watazamaji, yaani kwako mzee uliye barazani, kwako askari, kwako mzazi. Inakuomba usimdai kila mtu sababu. Ukimwona kijana anapita mara ya tatu mikono mitupu, unaweza kumwuliza anakwenda wapi. Kuuliza ni upendo. Akijibu kwamba yupo tu, mkubalie. Na akiwa ni msichana asiye na ndoo, mkubalie vilevile. Siku zitakuja za kuwa na mahali pa kwenda, nazo zikishakuja hazirudi nyuma. Mtu mzima hupita barabara ileile miaka mingi akiwa na haraka, na hakuna anayemwona.